Kilo Nne za Mzee Upawa

Mzee Upawa alikuwa mpishi mkuu wa hospitali kwa miaka thelathini na mmoja, na katika miaka yote hiyo hakuwahi hata siku moja kupika chakula cha watu wawili. Alipikia watu mia mbili themanini, asubuhi, mchana na jioni, na sufuria yake ndogo kabisa ilitaka wanaume wawili wa kuiinua. Jina alilopewa na wazazi wake lilishasahaulika. Hata fomu yake ya likizo ilirudi imeandikwa "Upawa", naye akatia sahihi bila kinyongo.

Likizo yenyewe aliiomba kwa sababu ya deni la maneno. Binti yake alipokuwa na miaka tisa, Mzee Upawa alimwonyesha milima inayoonekana kutoka dirisha la jikoni akamwambia, "Ile tutaipanda mimi na wewe, tulale hukohuko kwenye hema." Tangu hapo kila mwaka kulikuwa na sababu. Mara gesi imevuja, mara msaidizi kajifungua, mara wakaguzi wanakuja. Binti alikua akiwa na ahadi mkononi kama mtu aliyeshika tiketi ya gari lililoharibika. Sasa alikuwa na miaka ishirini na saba, mpima ardhi, mtu wa kuhesabu kila kitu hadi majani ya chai kwenye kikombe, na baada ya wiki tatu alikuwa anaondoka kwenda kufanya kazi nchi ya mbali kwa miaka mitatu.

Jumapili alikuja nyumbani akatoa masharti yake amesimama.

"Baba, Jumapili ijayo alfajiri tunaondoka. Siku nne. Hema nabeba mimi. Wewe utachagua chakula. Kiwe kikavu, kiwe chepesi. Kilo nne, chetu sote wawili. Ijumaa nakuja na mizani."

"Na zikizidi?"

"Naenda na wenzangu wa kazini. Sitanii, Baba. Safari hii sipokei sababu."

Mzee Upawa alicheka, kisha akaona anacheka peke yake. Usiku ule alikula chakula amesimama kando ya jiko, kama kawaida yake, na hakikushuka vizuri. Alimjua binti yake. Akisema kilo nne, ni kilo nne, na akisema anaenda na wenzake, basi ataenda, na ile milima itabaki kwenye dirisha.

Jumatatu asubuhi alivaa shati la kutokea akaenda kwenye duka la vifaa vya wapanda milima. Ndani kulikuwa na mahema, kamba, viatu vizito kuliko kesi ya mauaji, na rafu nzima ya pakiti za rangirangi. Muuzaji, mwanamke mchangamfu mwenye ndala na magoti yenye makovu, alimwamkia vizuri, masikini, bila kujua anajitafutia nini.

"Shikamoo mzee. Karibu."

"Marahaba. Nataka chakula cha kubeba mgongoni."

Muuzaji akampa pakiti. Mzee Upawa akaipima kiganjani, akaitikisa sikioni.

"Humu mna nini?"

"Wali na nyama, mzee."

"Nyama gani hii isiyo na uzito?"

"Imetolewa maji tu. Ukimimina maji moto inarudi."

"Inarudi kutoka wapi?" Mzee Upawa aligeuza pakiti mbele na nyuma. "Haya, na mpishi ni nani?"

"Inatoka kiwandani, mzee."

"Kiwandani nani? Hana jina? Mimi nikipika naandika jina langu ubaoni, mlangoni kabisa. Mgonjwa akiumwa tumbo anajua pa kuja."

Muuzaji alitafuta jina la mpishi kwenye pakiti, kwa heshima, mpaka kwenye maandishi madogo ya chini, na hakulipata. Akamweleza yale ambayo kila mtu wa milimani anayajua: kwamba kinachoumiza mgongo ni maji, kwamba wali, njegere na nyama ya kusaga hukauka vizuri, kwamba mafuta mengi huchacha, na kwamba mtu anayetembea kutwa anahitaji chumvi. Mzee Upawa alisikiliza na kichwa kimeinamia upande mmoja, kama mwalimu anayesikiliza mwanafunzi akikosea. Mwishowe akanunua pakiti nane, kila moja ya aina yake, akasema zinakwenda kufanyiwa uchunguzi.

Huu uchunguzi ulikuwa sheria ya jikoni kwake. Pale hospitali hakuna sufuria iliyotoka mlangoni kabla ya kuonjwa na watu watatu, na kila mmoja hujaza fomu: rangi, harufu, chumvi, ulaini, na swali la mwisho, "Je, mgonjwa atamaliza?" Tena kila chakula huchotwa kidogo, kikatiwa kwenye kopo lenye tarehe na kuwekwa kwenye friji siku tatu, ili wodi nzima ikiendesha, ijulikane nani wa kulaumiwa. Kopo hilo waliliita sampuli. Kwa miaka thelathini na mmoja Mzee Upawa hajawahi kulaumiwa, na kwa siri jambo hilo lilimfurahisha kuliko ndoa.

Basi mchana ule aliwaketisha waonjaji watatu sebuleni: mkewe, mama mkwe wake, na shemeji yake. Mama mkwe alikuwa bibi mfupi mwenye ulimi mrefu. Shemeji alikuwa kaka wa mke, mtu mwema asiye na neno na mtu, aliyeitwa Ghala kwa sababu kila kilichoingia hakikutoka.

"Kila mtu aonje kijiko kimoja," alisema Mzee Upawa akigawa fomu na penseli. "Kimoja tu. Hatuli. Tunachunguza."

Ghala alikuwa tayari ameshaandika "Atamaliza" kwenye fomu zote nane, na pakiti hata moja haijafunguliwa.

Mama mkwe hakungoja maji moto. Alipasua pakiti ya njegere akazitafuna kavu moja moja, akisema ni nzuri, zinalia mdomoni, akashushia na vikombe vitatu vya chai. Muda si muda zile njegere zikakumbuka zilivyokuwa zamani. Bibi alinyamaza, jambo lililomtisha kila mtu, kisha akalegeza mkanda wa sketi tundu la kwanza, akalegeza la pili, akatazama mbele kwa utulivu mkubwa.

"Mama, vipi?" aliuliza mkewe Mzee Upawa.

"Niacheni. Ninakaliwa tumboni," alijibu bibi.

Hilo halikumzuia kuendelea. Alionja wali wa kuku, akaonja tena, akavuta pakiti yote upande wake. "Huyu aliyepika hiki ana adabu," akasema. "Chumvi imekaa mahali pake."

"Mama, hakuna aliyepika. Ni mashine," alisema Mzee Upawa.

"Basi mashine ina adabu. Mkwe wangu, ukitaka ukweli, ni kitamu kuliko kile ulichonipikia nilipovunjika mkono."

Mkewe Mzee Upawa alitazama dari. Ghala hakutazama kitu, maana uso wake ulikuwa ndani ya pakiti ya maharage. Walipomaliza, pakiti zote nane zilikuwa tupu, fomu zote zimejaa sifa, na chini ya "Je, mgonjwa atamaliza?" mama mkwe ameandika, "Na wa kitanda cha jirani pia."

Mzee Upawa alikusanya fomu zile akazikunja mara nne. Kiburi chake kilikuwa kimeumia kweli, tusimcheke sana. Mtu asimame mbele ya moto miaka thelathini na mmoja, halafu apigwe na mfuko! Alitangaza kwamba uchunguzi umebatilishwa kwa sababu waonjaji hawana sifa, na kwamba chakula cha safari atakipika na kukikausha mwenyewe.

"Mchagua jembe si mkulima," alisema mama mkwe, bado amekaliwa.

Jumanne aliingia jikoni mwake nyumbani. Hapo ndipo alipogundua kwamba mapishi yake yote yalijua namba moja tu. Kichwani mwake maharage yaliandikwa kwa watu mia mbili themanini, vitunguu ishirini. Alikaa na karatasi akagawa. Kitunguu kimoja ni cha watu kumi na wanne. Watu wawili, basi, ni sehemu ya saba ya kitunguu. Alisimama na kisu mbele ya kitunguu kimoja kwa muda mrefu, akikizunguka kama fundi anayetafuta pa kupigia msumari. Akakata nusu, akakata robo, robo ikawa kubwa, kipande cha nane kikawa kidogo, macho yakamchuruzika. Mkewe alipopita alidhani analia kwa ajili ya binti, akampapasa mgongo. Hakuwa amekosea sana.

Mwisho alisema potelea mbali, akauachia mkono ufanye unavyojua. Mkono ulichojua ni kutia chumvi kwa ngumi. Ilipofika saa tisa palikuwa na sufuria mbili za maharage na nyama ya kusaga, ya kutosha mazishi ya mtu maarufu, na beseni la viazi vya kuponda ambalo Ghala alikuja kulitazama mara tano.

Siku mbili zilizofuata nyumba haikuwa nyumba. Maharage yalitandazwa kwenye masinia, masinia yakapangwa ndani ya oveni mlango ukiwa wazi kidogo, na yaliyokosa nafasi yakatolewa uani juani chini ya vyandarua. Karoti zilikatwa nyembamba zikalazwa kitandani upande wa mkewe. Ghala alipewa fimbo alinde masinia dhidi ya ndege, na inasemekana ndege hawakugusa kitu, lakini sinia la tatu lilipungua kila saa.

Hata hivyo Alhamisi jioni jambo la ajabu lilikuwa limetokea. Sufuria mbili na beseni vilikuwa vimegeuka mifuko minne ya plastiki. Mzee Upawa aliiinua kwa mkono mmoja. Alitingisha, ikachakarika. Kumbe miaka yote ile, mgongo wote ule, alikuwa akibeba maji! Alijisikia vibaya kwa dakika nzima. Kisha akaweka mifuko kwenye mizani ya jikoni, ikasoma kilo tatu na gramu mia nane, akapiga kelele mpaka jirani akachungulia ukutani.

Ijumaa alasiri binti alikuja na viatu vyake vya kazi, mkoba wake, na mizani ya kuning'iniza yenye ndoano. Familia yote ilikuwa sebuleni. Mzee Upawa alileta mfuko wake wa chakula umefungwa vizuri na kamba, uso unang'aa. Binti akautundika.

"Kilo sita na gramu mia nne."

"Mizani yako mbovu."

"Nimepimia nayo mfuko wa saruji asubuhi." Binti akafungua kamba, akaanza kutoa kimoja kimoja juu ya meza. Ikatoka mifuko minne. Ukatoka upawa, wa chuma, urefu wa mkono. Ikatoka aproni iliyopigwa pasi. Kisha yakatoka makopo tisa madogo yenye vifuniko na tarehe.

"Baba, haya makopo ni ya nini?"

"Ya sampuli. Kila mlo tunachota kidogo tunaweka. Mtu akiumwa tumbo kule, tunajua ni chakula gani."

"Tutakuwa wawili tu, na tutakula kitu kimoja."

"Ndiyo maana! Tukiumwa wote wawili, nani atakuwa shahidi?"

Mama mkwe alisema hajawahi kusikia hoja nzuri kama hiyo kutoka kwa mtu mzima. Binti hakucheka. Aliweka makopo pembeni, akaweka upawa pembeni, aproni juu yake, akarudisha mifuko minne peke yake kwenye ndoano.

"Kilo tatu na mia nane."

"Eeh!" Mzee Upawa alijipiga kifua. "Nimepita au sijapita? Semeni! Jumapili alfajiri, mimi na mwanangu!" Alimshika Ghala mkono akautikisa kana kwamba yeye ndiye aliyepima. Moyo wake ulikuwa mwepesi kuliko ile mifuko.

Binti alikuwa amechukua mfuko mmoja, anautazama kwenye mwanga wa dirisha. "Yanaonekana mazuri, Baba. Yanaiva kwa muda gani?"

"Kidogo tu. Unaloweka, halafu unachemsha dakika arobaini, moto wa taratibu, na mtu wa kukoroga yasishike chini."

"Na nani atakoroga?"

"Swali gani hilo? Mimi baba yako. Wewe utakaa, upumzike, nikupakulie."

Binti aliweka mfuko mezani. "Basi sivichukui hivi."

Mzee Upawa aliishika ile mizani. "Lakini uzito si umetimia?" alisema, na sauti yake ilitoka ndogo. "Ulisema kilo nne. Nimefanya kilo nne."

"Umefanya, Baba. Na ni kazi nzuri, naiona." Binti alivuta kiti akakaa. "Niambie kitu kimoja. Ni lini umewahi kula na mimi ukiwa umekaa?"

"Siku nyingi tu."

"Taja moja."

"Siku ya mahafali yako."

"Ulikuwa unapakua."

"Ulipolazwa, ulipotolewa kidole tumbo."

"Uliniletea supu ukasimama mlangoni kuangalia kama nitamaliza."

Mzee Upawa alitafuta siku nyingine. Alipekua miaka ishirini na saba kama mtu anayepekua mifuko ya koti, na kila alipojikuta alikuwa wima, na kitu mkononi.

"Hata kwenye harusi yake mwenyewe alikuwa jikoni," alisema mama mkwe.

"Nilikaa meza kuu peke yangu," mkewe akaongeza, "watu wakidhani nimeolewa na kiti."

"Wali ulikuwa unashika chini!" alijitetea Mzee Upawa, na Ghala, ambaye alikuwepo, alishuhudia kwamba ule wali kweli haukushika.

"Mimi sikutaka chakula chepesi kwa ajili ya mgongo wako," alisema binti. "Nilitaka chakula kisichokuhitaji. Naondoka miaka mitatu, Baba. Sijui hata nani alikufundisha kupika. Ukienda na haya maharage, siku nne zote nitaona kisogo chako na moshi."

Mzee Upawa aliona haya, na chini ya haya kulikuwa na hofu, na hofu hiyo akaitamka kama ilivyokuwa, kwa sababu alikuwa amechoka kubeba. "Mkono mtupu haulambwi, mwanangu. Mimi kupika ndiko ninakojua. Nikikaa pale mikono mitupu, nitakupa nini?"

Macho ya binti yalijaa machozi, akainama kwenye mkoba wake kama mtu anayetafuta kitu, na kweli akakitoa: mfuko wa pakiti ndogondogo, zile ambazo ofisi yao huwapa wapimaji wanapokwenda porini. Akazimwaga mezani, zaidi ya ishirini. "Hizi unamimina maji moto, unafunga, unangoja. Hazikorogwi. Chagua milo yetu ya jioni, minne. Ya mchana tutakula biskuti na karanga."

Mama mkwe alinyoosha mkono kuelekea wali wa kuku. Mkewe Mzee Upawa akaupiga.

Mzee Upawa alivuta kiti. Alikitazama kidogo, kama mtu anayekaribishwa nyumba ya watu, kisha akakaa karibu na binti yake. Alivaa miwani. Akachukua pakiti ya kwanza, akasoma mbele, akasoma nyuma, mpaka maandishi madogo ya chini, akaiweka kushoto. Akachukua ya pili, akaisoma, akaiweka kulia. Hakunusa hata moja, hakutikisa, wala hakuuliza habari za chumvi. Ghala alikuwa ameshaingia jikoni na mifuko minne ya maharage, na sauti ya sufuria ilisikika ikitafutwa. Mzee Upawa hakugeuka.

Alipomaliza, kushoto palikuwa na rundo kubwa, na kulia palikuwa na pakiti nne. Alizisogeza kwa binti.

Binti alizigeuza moja baada ya nyingine, akasoma maelekezo kwa jicho lake la kipimo, kisha akakunja uso.

"Baba, hizi ulizochagua ndizo za kungoja muda mrefu. Dakika kumi na tano kila moja. Zile nyingine zote ni dakika tano tu."

"Najua," alisema Mzee Upawa. "Nimesoma zote."